Sikio Nalo Husoma: Watambaji wa Bunilizi za Kisayansi na Fantasia na Ukimya wa Wahakiki

Miongoni mwa wahakiki wa fasihi kuna imani moja ambayo haijadiliwi, kwa kuwa inachukuliwa kuwa kweli isiyohitaji ushahidi: kwamba anayesikiliza riwaya ikisomwa hajaisoma riwaya hiyo. Wenye imani hii humvumilia msikilizaji akiwa haoni, au akiwa mtoto. Lakini msomi mwenye macho yake mawili akisema kwamba ameimaliza The Lord of the Rings kwa masikio, hutazamwa kama mtu anayedai kushiba kwa kunusa pilau. Ikiwa riwaya yenyewe ni bunilizi ya kisayansi au fantasia, dharau huwa maradufu: kazi nyepesi, husemwa, imepokelewa kwa njia nyepesi.

Makala haya yanaipinga imani hiyo. Yanashikilia kwamba kitabu cha kusikiliza ni tendo la ufasiri. Kwamba anayekisoma ni fanani anayestahili kutajwa, kusifiwa na kulaumiwa kama fanani mwingine yeyote. Na kwamba bunilizi za kisayansi na fantasia zinalidhihirisha jambo hili kwa namna ambayo tanzu nyingine za nathari haziwezi kuifikia kwa urahisi. Yanashikilia pia kwamba gharama ya kuukataa ukweli huu si ndogo. Wakati ambapo mashine zimekwisha kufunzwa kusoma, mhakiki asiyeweza kueleza kile ambacho sauti ya binadamu inaongeza kwenye matini hatakuwa na la kusema sauti hiyo itakapoondolewa.

Neno mtambaji linatumiwa hapa kwa makusudi. Msimulizi ni nafsi iliyomo ndani ya matini, iliyoumbwa na mwandishi. Mtambaji ni mtu mwenye koo, mapafu na lafudhi, anayeketi mbele ya kipaza sauti na kuyapa matini hayo mwili. Kuwachanganya wawili hawa ndiko chanzo cha makosa mengi.

Hoja za Wapinzani

Hoja za wanaokidharau kitabu cha kusikiliza hazikosi uzito, wala hazistahili kupuuzwa. Sven Birkerts, katika The Gutenberg Elegies (1994), alilalamika kwamba msikilizaji hupokonywa mamlaka juu ya usomaji wake: mwendo, vituo na toni huamuliwa na mtu mwingine. Harold Bloom naye, alipohojiwa na gazeti la The New York Times mwaka 2005, alisisitiza kwamba usomaji wa kina hauwezekani bila matini kuwa mbele ya macho. Kwa maoni haya, mtambaji ni pazia lililotundikwa kati ya msomaji na kitabu.

Wapo wanaojibu hoja hizi kwa takwimu. Uchunguzi wa Beth Rogowsky na wenzake (2016) uliwalinganisha watu wazima waliosoma, waliosikiliza, na waliofanya yote mawili kwa pamoja; haukupata tofauti ya maana katika kiwango chao cha ufahamu. Jibu hilo linafaa, lakini halitoshi. Fasihi haipimwi kwa idadi ya mambo yanayokumbukwa, na aliyeelewa kisa si lazima awe ameonja sanaa yake.

Jibu lenye nguvu zaidi liko karibu na nyumbani. Utendi wa Tambuka (1728) ulikaririwa mbele ya watu, na wengi wa waliouonja katika karne zilizofuata waliupata kwa masikio. Je, yupo mhakiki wa Kiswahili atakayethubutu kusema kwamba hao hawakuupata utendi, ila waliookota makombo yake? Kama hayupo, basi kanuni ya Bloom si kanuni ya fasihi yote. Ni desturi ya jamii moja katika kipindi kimoja cha historia yake, kipindi ambacho kusoma peke yako kimyakimya kulikuja kuonekana kuwa ndiyo njia pekee ya kusoma.

Ajabu ni kwamba desturi hiyo inatetewa kwa nguvu hata katika idara za fasihi za Kenya. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe na masomo ya fasihi yajengwe upya yakiwa na Afrika katikati, mojawapo ya nguzo za hoja yao ilikuwa fasihi simulizi. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba ngano iliyoandikwa bila mtambaji wake ni mifupa bila nyama. Kwamba kiimbo, kituo na mabadiliko ya sauti ni sehemu ya maana. Mwalimu anayefundisha hayo asubuhi, kisha alasiri akamwambia mwanafunzi wa uzamili kwamba kusikiliza riwaya ni uvivu, anabomoa kwa mkono wa kushoto kile alichokijenga kwa mkono wa kulia.

Hapana budi kukiri jambo moja. Kitabu cha kusikiliza si fasihi simulizi. Hadhira haipo mbele ya mtambaji. Haiitikii, haimkatizi, wala haimlazimishi kubadilisha kisa. Matini hayabadiliki, na sauti ikishanaswa imeganda. Walter Ong (1982) alikwisha kuonyesha kwamba usimulizi unaopitia vyombo vya kisasa unategemea maandishi na chapa, na kwa hiyo ni wa daraja la pili. Lakini kukiri kwamba jambo hili si ngano wala si ukurasa hakumaanishi kwamba si kitu. Kunamaanisha kwamba ni kitu cha tatu, na kitu cha tatu kinahitaji uhakiki wake.

Kile Ambacho Ukurasa Hauwezi Kukitamka

Kwa nini bunilizi za kisayansi na fantasia? Kwa sababu tanzu hizi hubuni ulimwengu mzima, na katika ulimwengu huo kuna majina ambayo hakuna aliyewahi kuyatamka na lugha ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Msomaji wa kimya huweza kuliruka jina gumu kwa jicho. Hulitambua kwa umbo lake na kuendelea na safari. Mtambaji hana ruhusa hiyo. Kila jina ni lazima litoke kinywani.

J. R. R. Tolkien alilijua hili vyema. Mwishoni mwa The Lord of the Rings (1954–1955) aliambatisha maelezo marefu kuhusu jinsi ya kuyatamka majina na maneno ya lugha alizozibuni. Mwandishi aliyeridhika na jicho peke yake asingejisumbua hivyo. Zaidi ya hayo, mwaka 1952, kabla riwaya hiyo haijachapishwa, Tolkien alisoma sehemu zake pamoja na sura ya mafumbo kutoka The Hobbit mbele ya kinasa sauti nyumbani kwa rafiki yake George Sayer, huko Malvern, Uingereza. Kanda hizo zilitolewa kwenye santuri na kampuni ya Caedmon mwaka 1975, miaka miwili baada ya kifo chake. Kwa hiyo sehemu za kazi inayohesabiwa kuwa chemchemi ya fantasia ya kisasa zilitambwa na mwandishi mwenyewe kabla hazijafika kwa mpiga chapa.

Mfano wa Douglas Adams unaipindua kabisa imani ya wapinzani. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ilianza kama mchezo wa redio wa BBC mwezi Machi 1978. Kitabu kilifuata mwaka 1979. Hapa sauti ndiyo iliyotangulia, na chapa ndiyo iliyokuja kuinakili. Anayesema kwamba sikio linapokea kivuli cha ukurasa aeleze, katika kisa hiki, kivuli ni kipi na mti ni upi.

Project Hail Mary (2021) ya Andy Weir inatoa ushahidi wa aina nyingine. Katika riwaya hiyo binadamu anakutana na kiumbe wa nyota nyingine, Rocky, ambaye hasemi kwa maneno bali kwa sauti za muziki zinazolia kwa pamoja. Ukurasa unafanya unachoweza: unaweka alama za noti na kumwachia msomaji akisie. Katika toleo la kusikiliza lililotambwa na Ray Porter, muziki wenyewe unasikika. Msikilizaji anapitia hali ileile ya mhusika mkuu: kwanza anasikia mlio usio na maana, kisha anaanza kuutambua, na hatimaye mlio unakuwa usemi na msemaji anakuwa rafiki. Kujifunza lugha, ambako ndiko moyo wa kisa hicho, kunatendeka ndani ya sikio. Toleo hilo lilipata tuzo ya Audie ya kitabu bora cha kusikiliza mwaka 2022, wala haikuwa bahati nasibu.

Ufasiri Usioweza Kuepukwa

Wapinzani watasema kwamba hayo ni mapambo. Na yatazamwe basi mambo mazito zaidi.

Katika Ancillary Justice (2013) ya Ann Leckie, msimulizi anatoka katika dola ambayo lugha yake haitofautishi jinsia, na kila mtu anatajwa kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza. Mhusika Seivarden anaelezwa kuwa mwanamume kwa mujibu wa desturi za sayari nyingine, lakini msimulizi haachi kumwita kwa kiwakilishi hicho. Kwenye ukurasa, fumbo hili linadumu kwa sababu herufi hazina jinsia. Kwenye studio, mtambaji analazimika kuamua: Seivarden apewe sauti nzito au nyororo? Akimpa nzito, ameitoboa siri ambayo mwandishi aliitunza. Akimpa nyororo, ameegemea upande wa pili. Riwaya hiyo imetambwa na Celeste Ciulla, na katika toleo jingine na Adjoa Andoh. Matoleo mawili ni majibu mawili kwa swali moja la kiuhakiki, yaliyotolewa na wasomaji wawili makini.

Msomi wa Kiswahili ana sababu maalumu ya kulifuatilia suala hili. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakitaji jinsia: alikuja, alisema, alikufa. Mfasiri wa Leckie katika Kiswahili angeipata bure hali ambayo mwandishi aliihangaikia katika Kiingereza. Mtambaji wa tafsiri hiyo, hata hivyo, asingepata chochote bure. Kile ambacho sarufi ya Kiswahili inakificha, koo la binadamu linakifichua. Huu ni mgongano halisi kati ya lugha na sauti, na nadharia iliyojengwa juu ya ukurasa tu haiwezi hata kuuona.

Katika The Fifth Season (2015) ya N. K. Jemisin, riwaya ya kwanza katika utatu ambao kila juzuu lake lilishinda tuzo ya Hugo (2016, 2017 na 2018), wanawake watatu, Damaya, Syenite na Essun, wanasimuliwa katika sura zinazopishana. Baadaye inabainika kwamba watatu hao ni mtu mmoja katika vipindi vitatu vya maisha yake. Robin Miles, aliyeitamba, aliijua siri hiyo tangu sentensi ya kwanza. Akiwapa wahusika hao sauti zinazofanana mno, siri imefichuka. Akizitenganisha mno, amemdanganya msikilizaji, na ufunuo utakapofika utaonekana kuwa hila. Fauka ya hayo, sura za Essun zinasimuliwa katika nafsi ya pili. Jicho linaposoma neno wewe, linaweza kulichukulia kuwa mbinu ya kimtindo. Sikio linapoambiwa wewe na sauti ya mtu, linaitwa. Ufasiri wa aina hii hauwezi kuitwa pazia. Ni usomaji wa ndani kuliko ule unaofanywa na wahakiki wengi wenye kalamu.

Hapa ndipo hoja ya Birkerts inapodhoofika. Ni kweli kwamba mtambaji anaamua mwendo na toni. Lakini mwongozaji wa tamthilia anaamua pia, na mfasiri anaamua, na mhariri wa hati za kale anaamua. Fasihi haijawahi kuwafukuza hawa kwa kuwa wanaamua. Imewataka wayatetee maamuzi yao. Mtambaji naye atakiwe hivyo.

Lawama Nayo Ni Heshima

Kumheshimu mtambaji si kumsifu tu. Uhakiki uliopo umeachiwa mashabiki na wauzaji, na kwa sababu hiyo umekuwa wa kuhesabu. Jim Dale anasifiwa kwa kuumba sauti 134 katika Harry Potter and the Order of the Phoenix; Roy Dotrice kwa kuumba 224 katika A Game of Thrones. Takwimu hizi zimeingia katika rekodi za Guinness, na kwa hakika zinastaajabisha. Lakini wingi wa sauti si ubora wa ufasiri, kama vile wingi wa tashbihi si ushairi. Wasikilizaji wa Dotrice wamelalamika kwamba Daenerys wa juzuu la tano, lililorekodiwa mwaka 2011, hafanani kwa sauti na yule wa majuzuu ya awali. Lalamiko hilo ni uhakiki halisi kuliko tarakimu 224, kwa kuwa linauliza kuhusu umoja wa mhusika.

Vivyo hivyo kwa The Lord of the Rings. Rob Inglis, aliyeitamba mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliziimba nyimbo zake na kuuacha msimulizi awe mzee mtulivu anayeyasema mambo ya kale. Andy Serkis, ambaye matoleo yake yalitoka mwaka 2021, alikwisha kuwa Gollum katika filamu za Peter Jackson, na sauti hiyo ya filamu inaingia pamoja naye studioni. Je, ni faida au hasara? Inawezekana kutetewa kwamba Serkis anaupa woga na uchungu nguvu ambayo Inglis hana. Inawezekana pia kutetewa kwamba filamu imeumeza ukurasa, na kwamba Inglis ndiye aliyeiachia hadhira nafasi ya kuumba picha zake. Huo ni mjadala wa kiuhakiki ulio kamili. Kinachokosekana ni majarida ya kuuendesha.

Na wakati majarida yamenyamaza, soko linatenda. The Martian ya Andy Weir ilitambwa na R. C. Bray mwaka 2013, na wengi waliipenda riwaya hiyo kupitia kwake. Mwaka 2020 lilitolewa toleo jipya la Wil Wheaton, na lile la Bray likaondolewa sokoni. Lau toleo la ushairi lenye ufasiri uliokubalika lingefutwa hivyo, wahariri na wahakiki wangepiga kelele. Tendo la ufasiri limeondolewa mbele ya hadhira yake, na wataalamu wa fasihi hawakuona kwamba kuna kilichoondoka.

Walenisi na Mkazo Wake

Mtu asije akadhani kwamba haya ni mambo ya Kiingereza peke yake. Kiswahili kina bunilizi zake za ajabu. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mshtakiwa, Karama, akizungumza barazani kuitetea roho yake. Riwaya ambayo kiini chake ni mtu anayesema mbele ya watu wanaosikiliza inasomwa shuleni kimyakimya, kwa ajili ya mtihani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, ambamo Dzombo anarushwa angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, naye anafika katika nchi nyingine ambayo ni kioo cha ile aliyoiacha. Kila mhakiki ameeleza kwamba jina hilo limetokana na wale ni sisi. Lakini maelezo hayo ni ya jicho. Kwa kanuni ya Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo jina la mahali litakuwa na mkazo mmoja, kwenye -ni-. Kirai wale ni sisi kina mikazo mingine: kwenye wa- ya mwanzo na kwenye si- ya neno la mwisho. Mtambaji anayefuata kanuni ya jina ameifunika siri. Anayeelekea kwenye mkazo wa kirai ameifunua. Anayeanza kwa namna ya kwanza na kumalizia kwa namna ya pili amelifanya jina lenyewe lisafiri pamoja na Dzombo, hata msikilizaji atambue kwa sikio, pasipo kuelezwa, kwamba wageni wale ni yeye. Silabi mbili zinabeba itikadi nzima ya riwaya, na uamuzi uko mikononi mwa mtambaji. Nani atasema kwamba huyo ni chombo tu cha kupitishia maneno?

Mashine na Deni la Uhakiki

Suala hili haliwezi kungoja. Mwezi Januari 2023 kampuni ya Apple ilianza kutoa vitabu vinavyosomwa na sauti zilizoundwa na kompyuta, na kampuni nyingine zimeingia katika biashara hiyohiyo. Sababu ni gharama: mtambaji hulipwa, huchoka, hurudia, mashine haifanyi hayo.

Haifai kuzilaani sauti hizo kwa jumla. Historia ya vitabu vya kusikiliza inaanzia kwa wasioona. Huduma ya Uingereza ya mwaka 1935 iliwafikia pia askari waliopofushwa vitani. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, uliwekwa ili hakimiliki isiwe ukuta kati ya wasioona na vitabu. Kwa mwanafunzi asiyeona anayehitaji makala ya kurasa 30 ifikapo kesho, sauti ya kompyuta ni neema, na anayeipinga amwonee haya.

Lakini kupata matini ni jambo moja, na kufasiriwa kwa matini ni jingine. Mashine inaweza kupewa kanuni ya mkazo, na italitamka jina Walenisi bila kosa tangu mwanzo hadi mwisho. Haina sababu ya kulitamka vingine katika sura ya mwisho, kwa kuwa haijatambua chochote njiani. Mchapishaji akiuliza kwa nini amlipe binadamu, jibu la uhakiki wa jicho ni lipi? Uhakiki huo umefundisha kwa miaka mingi kwamba sauti haiongezi kitu. Kwamba matini ndiyo yote. Hoja ya mwenye mashine ni hiyohiyo, ila yeye ameifikisha mwisho wake wa kimantiki. Bila kujua, mtetezi wa ukurasa na muuza mashine wamekuwa wabia.

Hitimisho

Raha ya kusikiliza bunilizi ya kisayansi au fantasia ni raha ya kushuhudia mtu mmoja akiubeba ulimwengu mzima kwa pumzi yake. Raha hiyo haihitaji kuombewa radhi, inahitaji kuchunguzwa. Uhakiki wa kitabu cha kusikiliza umtaje mtambaji, mwaka na toleo, kama unavyomtaja mfasiri na mhariri. Matoleo mawili ya kazi moja yalinganishwe. Tasnifu za uzamili ziruhusiwe kuichukua sauti iliyorekodiwa kuwa matini ya msingi, wala mtahini asidai kwamba mtafiti hajasoma kitabu. Na idara zenye wanafunzi waliolelewa kwa ngano na wenye studio za kufundishia utangazaji ziwatafute wenye hakimiliki za Kusadikika na Walenisi, ziombe idhini, na ziwakabidhi watambaji wawili kila riwaya, ili baada ya hapo pawe na kitu cha kubishania.